Tangi la Bwana Abeid na Chetezo cha Mamako

Mwanangu Athmani,

Wenye elimu barua zao huanza na salamu za ukurasa mzima, hata ukifika kwenye habari yenyewe umesahau ni nani aliyekuandikia. Mimi na wewe asubuhi hii tumekula mkate wa mofa sahani moja, na hivi sasa nakusikia huko ndani ukibishana na shangazi zako juu ya kamba ya sanduku lako la safari ya kesho. Basi salamu nimezikata. Mzima wewe, mzima mimi, tumshukuru Mungu, tuendelee.

Nimekaa kiwandani. Alasiri imekwisha saliwa, mlango nimeurudisha nusu, nimekalia debe na karatasi nimeilaza juu ya fuawe. Huko ndani wanadhani namalizia birika la watu. Waache wadhani.

Mwandiko usiucheke. Wajua nilitoka chuoni juzuu ya tatu, kwa kuwa mimi na bakora ya mwalimu hatukupatana. Yeye alisema herufi zangu zaenda kama kuku aliyefukuzwa na paka. Lakini mwalimu huyo huyo, Mungu amrehemu, kandili yake ilipotoboka aliileta kwa nani? Akaja nayo chini ya joho, kwa haya, nami nikamlehemia bure nikamwambia, "Mwalimu, kuku amefika." Alicheka mpaka akakaa. Mimi ni mtu wa namna hiyo, mwanangu, lazima neno la mwisho liwe langu. Leo nakuandikia habari ya neno langu moja la mwisho ambalo lau ningelimeza, nyumba yetu ingekuwa nyumba nyingine.

Ya kufua nguo, ya kusali kwa wakati, ya blanketi na baridi ya bara, ya kutokula kwa watu usiowajua, hayo yote umekwisha ambiwa mara tatu tatu. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni miaka mitano kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Alhamisi iliyopita mamako alituletea kahawa hapa kiwandani. Wewe ulikuwa umeinamia debe la petroli, ukimimina. Pale nje barazani walikuwapo watu wa siku zote, na Bakari muuza kahawa akiona wivu kwamba kahawa ya nyumbani yampita yeye. Mamako alipotia mguu mlangoni, wewe ukainua mkono kama askari ukasema, "Mama, simama papo hapo! Hapa pana petroli, na weye na moto ni ndugu!"

Baraza zima likavunjika mbavu. Bakari akadakia, "Mwambie Bi Chetezo ubani auache nyumbani!" Wakacheka tena.

Mamako aliiweka sinia kizingitini, kwa mkono wa kushoto, akaondoka. Uso wake hukuuona, kwa sababu ulikuwa ukitazama nje uone ni wangapi waliocheka. Najua kwamba hukuuona. Nami katika umri wako ndivyo nilivyokuwa nikitazama, na hata sasa ndivyo nitazamavyo.

Na mimi nilifanya nini? Nilicheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilicheka. Kisha nikashindwa kuinywa ile kahawa. Kwa maana mzaha ule si wako, Athmani, wala si wa Bakari. Niliutengeneza mimi, nikauuza mimi, na nyinyi mmekuwa mkiupokea kwangu miaka yote hii mkidhani ni mali halali.

Sasa nakueleza siku ile ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na asubuhi hiyo ulikuwa chuoni. Vita vya Wazungu vilikuwa havijaanza. Motakaa za mjini ungezihesabu na vidole vikabaki. Waungwana bado walikwenda kwa vile vigari vya kusukumwa juu ya reli, wakiwa wameshika miavuli yao. Bwana Abeid, tajiri wa nazi na mbata wa Ndia Kuu, unayemjua, alikuwa ameinunua motakaa kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, nayo motakaa imekwisha choka. Akaing'oa viti vya nyuma akaitia sanduku la mbao, ikawa ya kuchukulia nazi kutoka shamba lake la upande wa Tudor. Ilikuwa ikikohoa kama mzee wa pumu, lakini ilikwenda, na watoto wa Kibokoni mkiikimbilia nyuma.

Tangi lake la petroli lilikuwa chini ya kiti cha dereva, na mshono wa chini ulikuwa umefumuka. Dereva alikuwa akiuziba kwa sabuni. Usicheke, ni dawa kweli, petroli haiyeyushi sabuni. Ukiisugua vizuri penye ufa itashika siku mbili tatu. Kisha motakaa ikipita mashimo ya Tononoka, sabuni inadondoka, na petroli inaanza tena kutona. Dereva mwenyewe alikuwa akikaa juu ya tangi hilo na sigara mdomoni. Mungu ana waja wake.

Mafundi wawili waliletewa kazi ile kabla yangu, wakaikataa. Mmoja wao alisema wazi, mbele ya watu, "Bwana, mafuta haya mimi siyajui." Nilimcheka huyo mtu mji mzima. Nikasema, fundi bati asiyejua mafuta na akauze mchicha. Siku hizi nikikutana naye njiani, mimi ndiye huanza kumwamkia, naye hajui kwa nini.

Mimi nilijiona nayajua mafuta. Nilikuwa nimelehemu kandili na madebe ya mafuta ya taa tangu sina ndevu. Kazi yake wajua: unamwaga, unapangusa kwa kitambaa, unapasha chuma, unalehemu, umekwisha. Mafuta ya taa ni mapole, hata ukiyaonyesha moto husita kwanza. Nikaona petroli ni mdogo wake tu, mwenye harufu kali zaidi.

Basi nikalitoa tangi, nikalimwaga, nikalisuuza maji mara moja. Bwana Abeid aliitaka motakaa yake kabla ya adhuhuri. Nikatia pua kwenye mdomo wa tangi: linanuka. Nikalisuuza tena: linanuka vile vile. Hapo ndipo ujinga wangu ulipovaa kilemba ukakaa kitako.

Wewe umezaliwa nyumba ya Mvita, wajua mtungi hufanywa nini ukiwa na harufu. Wanawake huusuuza, wakaugeuza kifudifudi juu ya chetezo chenye makaa na ubani, moshi ukaujaa tumbo, na ile harufu mbaya ikaondoka. Maji ya mtungi uliofukizwa, mfalme gani anayapata? Nami nikajiambia: hiyo harufu ndiyo petroli yenyewe iliyobaki. Harufu ikitoka, petroli imetoka. Nitalifukiza tangi kama mtungi, na likianza kunukia ubani nitatia chuma changu bila wasiwasi.

Mzungu hawezi kukosea hivyo, wala Banyani. Kosa lile lilikuwa letu wenyewe, limetoka ndani ya nyumba zetu, na lilikuwa likinukia vizuri.

Nikaita, "Mama Athmani! Niletee chetezo, na makaa yaliyoshika, na ubani usiufanyie ubahili!"

Akatoka nacho, leso kichwani, akasimama mlangoni. "Kwani kuna mgeni?"

"Mgeni ni huyu," nikalipiga tangi kofi. "Ananuka. Mfukize."

Akalitazama. "Baba Athmani, petroli hii siyo ile ambayo dereva alisema haitaki kuonyeshwa moto?"

"Ikiwamo haitaki. Humu mna nini? Chungulia mwenyewe. Tupu kama kichwa cha Bakari."

Akacheka kidogo, lakini hakusogea. "Wajua lakini?"

"Kama sijui miye, ajua nani katika Mvita hii?"

Ndipo akaingia. Akakiweka chetezo chini, nami nikaliinua tangi nikaliegemeza juu ya mawe mawili, mdomo wake ukitazama makaa. Nikamwambia, "Lishike hapa lisiteleze," akalishika kwa mkono wa kulia. Mimi nikageuka kutafuta koleo.

Watu wa mtaa wa pili walisema walidhani mzinga wa Idi umepigwa kabla ya mwezi kuandama. Mimi sikusikia mlio. Nilisikia upepo mgongoni, kisha kimya, kisha chetezo kikibingirika sakafuni. Nilipogeuka, tangi lilikuwa upande wa pili wa chumba, limevimba kama andazi na mshono wake wote umechanika. Mamako alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, mkono ameunyoosha mbele yake anautazama kama kwamba ni wa mtu mwingine. Kitambaa cha begani kilikuwa kikiwaka. Nilimmwagia ndoo yangu ya kupozea chuma, maji meusi, na kutu ndani yake.

Hakupiga ukelele. Alisema, "Athmani yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko chuoni."

Akasema, "Alhamdulillahi." Ndipo akalia.

Shangazi zako walimwingiza ndani wakampaka asali. Watu wakajaa mlangoni. Bwana Abeid akaja na bakora yake, akalitazama tangi kwanza, kisha akanitazama mimi, akauliza swali moja tu: "Nani kaleta moto hapa?"

Jibu lake, mwanangu, lilikuwa fupi kuliko jina langu. Ni miye, Bwana. Basi. Hata huyu wa juzuu ya tatu angeweza kulisema. Lakini macho ya watu yalikuwa juu yangu, na wale mafundi wawili walioikataa kazi walikuwamo katika watu, nami mdomo wangu ukatangulia kama kawaida yake. Nikasema, "Mwanamke, Bwana. Wajua wanawake na ubani wao. Niligeuka kidogo tu."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote wakacheka, kicheko cha watu walioogopa na sasa wamepata pumzi. Bwana Abeid akatikisa kichwa akaniambia, "Pole sana, fundi."

Akanipa pole mimi.

Na chumba alicholazwa mamako kilikuwa pale pale nyuma ya pazia. Pazia si ukuta. Nilingoja anikanushe siku ile, hakunikanusha. Nikangoja kesho yake. Wanawake waliokuja kumtazama walimwambia, "Bi Mwanaisha, nawe ubani wa nini mahali pa petroli?" naye aliwajibu, "Yamekwisha pita." Nikajifanya kwamba hakusikia nililosema barazani. Nimejifanya hivyo miaka mitano, nami kwa kujifanya ni hodari, hakuna anishindaye.

Sikiliza sasa kilichokuja baadaye, kwa maana uongo ukikaa hauli bure, hufanya kazi. Bwana Abeid badala ya kunifukuza aliniletea mabamba ya shaba akasema, "Nitengenezee jipya. Na mkeo akae mbali." Nikaenda Kilindini kwa Mgoa mmoja, fundi wa reli, mtu mkimya, nikamwuliza petroli ni mdudu gani. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: petroli ukiimwaga, yenyewe imekwenda lakini mvuke wake umebaki, nao ni mzito, umelala chini ya tangi, hauonekani, na unangoja. Tangi lililojaa halina haraka ya kulipuka. La kuogopwa ni lililomwagwa. Anayetaka kulilehemu hulichemshia maji ya magadi, akaliacha wazi siku kadhaa, kisha akalijaza maji mpaka shingoni, ukabaki mshono ule tu anaoushughulikia. Nilipoaga akaniuliza, "Nani iliungua?" Nikamwambia, "Hakuna." Waona, nilikuwa nimekwisha zoea.

Hilo la mvuke ndilo neno pekee la kazi nitakalokuandikia, kwa kuwa huko uendako utakabidhiwa matangi siku ya kwanza, na utataka kuwaonyesha kwamba wewe ni mwana wa nani. Usiwaonyeshe upesi.

Basi nikalitengeneza lile tangi jipya. Wewe mwenyewe umelisikia likisifiwa. Nilitia ukuta wa ndani wenye matundu ili petroli isirukeruke njiani, nikapiga ribiti za kushikamanisha mabamba, nikapaka risasi kila kiungo. Lakini mshono wa chini ulinishinda. Kila nikilijaza mafuta ya taa kulijaribu na kulipaka chaki nje, baada ya saa moja chaki inalowa mahali, kwa maana mafuta ya taa hayaweki siri, hupenya penye tundu la sindano. Siku ya tatu nimekaa nje ya pazia nikitukana shaba. Mamako akasema kutoka kitandani, maneno ya kwanza aliyonambia tangu siku ile yasiyokuwa ya maji au dawa: "Ukingo waukunja mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kunja mara mbili. Kama pindo la kanzu. Lililokunjwa mara moja hufumuka."

Nikakunja mara mbili. Chaki ikabaki nyeupe usiku kucha mpaka asubuhi. Ule ndio "mshono wa Omari" ambao hata mafundi wa Wahindi wamekuja kuuangalia, nami nikiwaeleza nilivyoufikiria, nimeweka mkono kiunoni. Yeye alikuwa akitusikia. Alikuwa akisikia kila kitu, mwanangu, ndiyo ajabu ya nyumba ndogo.

Mkono wake ulipopona, vidole vitatu vilikuwa vimeshikana. Wewe umekua ukiuona hivyo na huenda umesahau ulikuwaje. Kabla ya hapo mamako alikuwa akishona kofia za viua, na watu walikuwa wakiagiza kwake hata kutoka Lamu. Ile uvaayo Ijumaa ndiyo ya mwisho aliyoishika. Upande wa nyuma kaumalizia shangazi yako, ndiyo maana vitundu vyake havikulingana. Baada ya hapo alijaribu sindano ya mkono wa kushoto miezi miwili. Nilikuwa nikimwona. Siku moja akazikusanya nyuzi zote akampa binti wa jirani, akaja akapika chakula kama kawaida. Sikumwuliza neno. Nilimletea leso mbili mpya za Idi. Leso mbili, nikajiona nimefanya kitu.

Idi ile ile nilitaka kumwambia. Nilimkuta peke yake akichambua mchele. Nikasema, "Mama Athmani, siku ile ya tangi..." Akasimamisha mkono. Nami nikaona vile alivyosimamisha mkono, nikaogopa, nikasema, "...siku ile ulinitisha, nusura nikose mtu wa kunipikia." Nikacheka. Akarudi kwenye mchele wake.

Na mjini jina likaenea. Bi Chetezo. Bakari asubuhi akipita, "Fundi, leo mkeo hajafukiza?" nami sikumwambia nyamaza. Mamako akaacha kwenda arusi, kwa kuwa kwenye arusi ndiko vyetezo vipitishwapo, na kila kikipita mbele yake lazima pawe na mwanamke wa kusema neno. Wewe ulikuwa ukidhani hapendi ngoma.

Huyo bwana wa karakana wa Nairobi aliyekuita hajakuona wewe wala mikono yako. Alichosikia ni habari za tangi la Bwana Abeid na fundi wake. Kwa hiyo hata safari yako ya kesho, ukiifuatilia mpaka mwanzo wake, utamkuta mamako amekaa chini ameegemea ukuta. Sikwambii usiende. Nenda. Ila nisingependa uende hujui umebebwa na mgongo wa nani.

Wala sikuandikii haya ili uwe mtu mwema. Wema utautafuta mwenyewe, una miguu. Nakuandikia kwa sababu Alhamisi ile ulicheka kwa sauti yangu. Niliisikia. Nikaona siku moja, mbele ya watu wengine, mji mwingine, utaulizwa swali fupi, na mdomo wako utatangulia kama wangu, na atakayekuwa nyuma ya pazia atakuwa mtu akupendaye.

Nilipofika hapo nilikuwa nimemaliza. Nilitaka kuikunja barua, niitie ndani ya sanduku lako chini ya nguo, uikute huko bara. Lakini maandishi yangu yote hupitiwa na mamako, kwani yeye amekhitimu na mimi nilikimbia. Nikajiambia, hii itakuwa ya kwanza asiyoiona? Nimekwisha mwibia jina, sasa nimwibie na habari ya kwamba nalirudisha? Nikampelekea.

Alikuwa akifunga visheti vyako katika kitambaa. Akaisoma akiwa amesimama dirishani. Aliisoma polepole, Athmani, na mimi nilihesabu boriti za dari yetu mara nne.

Alipomaliza akasema, "Umeandika kwamba nilikuuliza kama wajua."

"Si uliniuliza?"

"Nilikuuliza. Lakini hukuandika kwa nini nililishika lile tangi."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ulinambia wajua." Akakinyoosha kitambaa cha visheti. "Mimi sikuwa mjinga, Baba Athmani. Nilikuamini."

 Uliandike hilo mahali, kwamba siku moja babako alikosa neno.

Kisha akaniuliza, "Na barua hii wampa Athmani?"

"Nampa."

"Aende nayo bara, akaisome huko peke yake?"

"Ndiyo."

Akaikunja akanirudishia. "Mwanao hakunicheka peke yake. Hapo barazani wako wangapi?"

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole.

"Kawasomee wao kwanza," akasema. "Ukirudi ndipo umpe."

"Mama Athmani, wataniita nini?"

"Sijui watakuita nini. Miye wameniita Bi Chetezo miaka mitano, na ningali hai."

Basi sasa magharibi imesaliwa, nami naandika haya machache ya mwisho kwa mwanga wa kandili. Nasikia vikombe vya Bakari vikigongana hapo nje. Bwana Abeid naye amefika, kikohozi chake nakijua. Nimefikiri niichane hii, nikuandikie nyingine fupi, ya sala na blanketi. Ungeenda zako salama na mimi ningebaki fundi. Naogopa, wallahi, mimi ambaye mji mzima ulikuwa ukiniogopa mdomo. Mamako amesimama mlango wa ndani. Hanihimizi.

Kesho kabla ya kwenda stesheni, mkono wangu usiubusu kwanza. Ubusu ule wake wa kulia, na radhi umwombe kwa sauti, hata walio nje wasikie. Alhamisi walikusikia vizuri.

Mimi natoka. Barua hii nimeamua sitaitia sandukuni, nitakupa mkono kwa mkono, na sitakupa kabla sijaisoma huko nje mpaka mwisho. Kwa hiyo ikiwa unayo sasa na waisoma, Athmani, basi nimekwisha isoma.

Babako,
Omari